Mate

Ng'ombe wa Mihayo alikufa Jumatatu, Urambo,
nyuma ya bani la tumbaku,
miguu ikipiga hewa kama ya mtu anayeota anakimbia.
Nikampasua. Ndiyo kazi yangu, kupasua na kuandika.
Damu haikuwa nyekundu.
Ilikuwa rangi ya kahawa iliyochemshwa mara tatu,
ikanishika glavu, ikakaa.

"Kalogwa," akanong'ona Mihayo, jirani asimsikie.
"Kala," nikamjibu.

Nikampeleka palipopasukia mfuko wa mbolea msimu uliopita.
Mvua ya kwanza imepiga, jua limerudi,
na mchicha pori umesimama pale, shina nene kama kidole gumba,
umekunywa nitrati kuliko unavyoweza kuigeuza.

Ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe wamo wenyeji wadogo mno.
Huipokea nitrati, huivua oksijeni moja,
ikabaki nitriti.
Ikija kidogo kidogo, wanaimaliza.
Ikija kwa gunia, inawaponyoka, inaingia kwenye damu,
na huko inawakuta wapagazi.
Sisi wa Unyanyembe hatuhitaji kufundishwa upagazi.
Chembe nyekundu ni msafara: hupokea hewa mapafuni,
huitua kwenye misuli, hurudi kupokea tena.
Nitriti haimuui mpagazi. Inamkamata mikono.
Njia ipo, mzigo upo, yeye yupo,
na hakuna kinachobebwa.

Jioni nikanawa mara nne
nikakaa na mama yangu, Nyamizi, mezani.
Ugali wa mtama. Msusa. Mchicha wa bustanini.

Nilitazama kijiko chake kikipanda.
Chumvi ileile.

Inashuka, utumbo mwembamba unaifyonza, damu inaizungusha.
Figo zinaitupa nyingi, hazina habari nayo.
Lakini tezi za mate zinaichota sehemu,
robo hivi,
na kuirudisha mdomoni kwa mlango wa nyuma,
kilichokwisha kumezwa kikaja kuonjwa upya.
Huko nyuma ya ulimi, kwenye mikunjo isiyofikiwa na mswaki,
wako wenyeji wengine, binamu za wale wa ng'ombe.
Wanaivua oksijeni moja.
Mama anameza mate, hajui amemeza nini.
Tumbo na uchungu wake linaigeuza tena, sehemu yake ikawa hewa,
nyingine ikapita hadi kwenye mishipa,
na mishipa ikalegea
kama mkanda baada ya kushiba.

Mwezi uliopita Sizya alimletea kutoka Dodoma
chupa ya dawa ya kusukutua, ya rangi ya waridi.
Asubuhi na usiku, mama akasukutua kwa bidii ya mtu aliyepewa zawadi.
Presha ikapanda. Mia hamsini, mia sitini na nane.
"Chumvi nimeacha," akasema. "Nimekosea wapi?"
Nikamwambia atoe ulimi.
Ulikuwa safi kama sahani ya wageni.

Sikumwambia nina hakika. Mimi ni wa mifugo.
Nilimwambia tu: "Mama, iweke kabatini kwanza,
vidonge usiache,
tupime tena."
Leo usiku mashine imesoma mia hamsini na mbili.
Inaweza kuwa ulimi. Inaweza kuwa vidonge.
Inaweza kuwa amefurahi nimewahi kurudi.

Nikamsimulia ya ng'ombe.
Akaacha kutafuna.
"Kwa hiyo ni sumu, hii?"
"Ni kiasi, mama. Na ni tumbo la nani."
Akaitazama sahani yake, kisha mimi,
akachota tonge jingine, akalichovya kwenye mchuzi wa msusa.
"Basi mimi si ng'ombe," akasema.

Mihayo alipiga simu saa nne usiku.
Nilidhani anauliza habari ya nyama; nilikwisha kumwambia aifukie.
Alitaka kuniambia ya ndama,
yule niliyemchoma sindano ya buluu mshipani:
amesimama, ananyonya kwa shangazi yake,
na amekojoa rangi ya wino wa shule,
watoto wote wa mtaa wamekuja na tochi
kuangalia.